Usipime chumvi ya mtu kwa kikopo kimoja cha mkojo wa asubuhi

Mkuu, huo utafiti wako wa chumvi na presha ya mama lishe usiuanze hivyo. Umeuliza kuhusu friji, vikopo, bei ya maabara na kibali cha maadili, lakini kilichonishtua ni ule mpango wenyewe: kila mama lishe akupe kikopo kimoja cha mkojo asubuhi, fomyula ikukadirie chumvi anayokula kwa siku, halafu ulinganishe na presha yake.

Hivyo hivyo ndivyo mshauri wa takwimu alivyotuelekeza sisi, na alilipwa vizuri tu. "Fomyula ya Kawasaki inamaliza kazi." Hakututajia kwamba ilitengenezwa kwa vipimo vya Wajapani, wala kwamba ndani yake mmewekwa umri, uzito na urefu wa mtu. Hebu litazame hilo. Unachukua sodiamu (madini yaliyomo kwenye chumvi) na kreatinini (taka ya misuli inayotoka na mkojo) ya kikopo, unachanganya na umri na uzito, jibu unaliita chumvi. Kisha unalilinganisha na presha, ambayo yenyewe hupanda kwa umri na uzito. Uhusiano utaukosaje? Msahihishaji wa nje alituuliza, "Mmepima chumvi au mmepima umri?" Sura nzima ya matokeo ikafutwa. Sampuli zilishamwagwa, hela ya mradi imekwisha, na mshauri hapokei simu. Mtu anayeuza ushauri wa namna hiyo kwa wanafunzi anawaibia, sina neno lingine.

Tena fomyula hizi huwapandishia wanaokula chumvi kidogo na kuwashushia wanaokula nyingi. Wote wanasogezwa katikati, na tofauti unayoitafuta inapotea.

Kusanya mkojo wa saa 24. Takribani asilimia 90 ya sodiamu anayokula mtu hutoka kwa mkojo. Akiamka saa 12 asubuhi, mkojo wa kwanza aumwage chooni, uandike saa. Kuanzia hapo kila tone liingie kwenye dumu, pamoja na ule wa kesho yake saa 12. Hapa ndipo kazi ilipo: mama lishe akibanwa katikati ya wateja atakimbilia choo cha kulipia cha sokoni na dumu ataliacha chini ya meza. Mpe kikapu chenye mfuniko abebe bila aibu, mpe na jagi la kukingia, na umwombe akwambie ukweli kama kuna mara aliruka. Ukipata vidonge vya PABA, kemikali ambayo karibu yote hutoka na mkojo, vitatu vya miligramu 80 kwa siku, maabara itakuonyesha nani hakukamilisha. Kreatinini peke yake haitoshi kukuonyesha hilo, maana inafuata misuli ya mtu.

Hesabu yake ni nyepesi: tuseme dumu lina milimoli 120 za sodiamu; kila milimoli ni miligramu 23, kwa hiyo 120 mara 23 ni miligramu 2,760 za sodiamu, yaani chumvi gramu 7 hivi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka isizidi gramu 5 kwa siku.

Na siku moja inakupa wastani wa kundi tu. Kwa kuwa wewe unataka kumlinganisha kila mama na presha yake, rudia siku kadhaa kwa kila mmoja. Bajeti ikigoma, punguza idadi ya watu. Saa 24 usiziguse.