Ukitaka kujua kama bwawa lina vimelea, vua wadogo

Wafugaji wengi huku Lubumbashi, upande wa Kafubu na njia ya Kipushi, wakishuku vimelea wanavua tilapia mnene kuliko wote, wanamgeuzageuza, wanaona mgongo umejaa, basi wanaridhika. Mimi nikiitwa kwenye bwawa naomba alevini, yaani watoto wa samaki, kwanza.

Mkubwa ana ngozi pana na matamvua mapana, tena amekaa majini muda mrefu, kwa hiyo mara nyingi ndiye mwenye vimelea vingi zaidi. Ila anavibeba. Alevini wa gramu 2 akivamiwa na trikodina, kimelea kidogo mno cha ngozi na matamvua, au na vijiminyoo vya hapo hapo, anaishiwa pumzi na kufa huku mzazi wake anaogelea kama kawaida. Na mzazi huyo ndiye aliyemwambukiza. Ndiyo maana watoto wakianza kuonekana kandokando ya maji nawahamishia bwawa lao mapema.

Shika alevini, inua kifuniko cha tamvua kwa ukucha. Ndani pawe pekundu pa damu. Ukikuta rangi imefifia na ute mzito umeganda, kazi ipo. Trikodina hutaiona kwa macho, utaona tu samaki wanajisugua kwenye udongo au wanahema juu ya maji alfajiri. Lernea, kimelea kinachojichimbia mwilini mwa samaki, ndiyo inaonekana: kijiuzi kinachoning'inia ubavuni, mwishoni vifuko viwili vya mayai, na palipochomwa pamevimba pekundu.

Wakubwa nao wapime. Tilapia mzima wa sentimita 15, mdomo hadi ncha ya mkia, ana kama gramu 60. Akiwa na 45, kichwa kikubwa na mgongo kama kisu, kuna kitu kinamla, au chakula hakitoshi. Wakiwa wafupi wote lakini wanene, usisingizie vimelea: wamezaana kupita kiasi.

Kwa trikodina na vijiminyoo natumia chumvi ya jikoni, gramu 200 kwenye ndoo ya lita 20, dakika 10 hivi. Samaki akianza kulala ubavu namtoa mara moja. Usijaribu hivyo kwenye bwawa zima. Ari moja (mita 10 kwa 10) yenye kina cha mita 1 ni lita 100,000, ungehitaji tani nzima ya chumvi! Wengine wanamwaga dawa ya wadudu wa mboga. Nani atamla samaki huyo?

Lernea iliyokwisha kujichimbia haitoki kwa chumvi. Kausha bwawa mpaka tope lipasuke, umwage chokaa hai, kilo 10 kwa ari. Sisi wa Katanga hatuna udhuru, chokaa inachomwa hapo Likasi.

Kutenganisha wakubwa na wadogo kuishe kabla ya mwezi wa sita. Baridi ikishaingia tilapia hali vizuri, na kila gamba linalong'oka kwenye wavu ni mlango wa ugonjwa.