Nyumba Uliyoipenda Ikiponyoka

Kuzunguka Dar es Salaam na dalali kutoka Tabata hadi Kigamboni kunachosha miguu. Kinachoumiza ni simu ya jioni: nyumba imekwenda, wakati wewe umeshapanga makochi yatakaa wapi na ndugu wameshapewa habari. Maumivu hayo ni ya kweli, wala si utoto. Lakini mengi huja kwa sababu watu hupenda kwanza, wakakagua baadaye. Anza na karatasi, na nyumba nyingi zitajitoa zenyewe kabla hazijakula hela wala usingizi wako.

Kabla ya kuhesabu vyumba, omba nakala ya hati. Peleka namba yake kwa Msajili wa Hati ufanye upekuzi rasmi. Majibu yataonyesha jina la mmiliki, rehani ya benki kama ipo, na zuio kama kuna mtu ameliweka. Tazama pia muda: hatimiliki hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na wewe unanunua iliyobaki tu. Leseni ya makazi ni ya muda mfupi na haina uzito wa hati. Mkataba uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa unaonyesha kwamba mauziano yalishuhudiwa. Haumgeuzi muuzaji kuwa mmiliki.

Mauzo mengi hufia kwenye familia, na hapo ndipo wanunuzi huumia zaidi kwa kuwa wameshatoa advansi. Nyumba ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kaka mkubwa hana mamlaka hayo kwa ukubwa wake. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo waziwazi. Ukiambiwa “mama yuko safarini, atasaini akirudi”, msubiri mama arudi. Advansi yoyote ilipwe kwa maandishi mbele ya wakili, mkataba ukitaja tarehe na sharti la kurudishiwa mauzo yakikwama.

Kisha rudi pale masika, kati ya Machi na Mei, mvua ikinyesha. Waulize bodaboda wa kijiweni maji hufika wapi. Angalia alama za maji ukutani, hasa nyuma ya makabati, na rangi mpya iliyopakwa chini tu. Karibu na mto au bahari, kumbuka kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni.

Bado nyingine itakuponyoka ukiwa umefanya kila kitu sawa. Muulize dalali sababu: bei, au mnunuzi mwingine alikuwa na fedha taslimu? Kama ni fedha, malizana na benki kuhusu kiwango cha mkopo kabla ya kwenda kuona nyumba nyingine, na utenge pembeni ushuru wa stempu, ada za uhamisho na malipo ya wakili. Kama ni bei, punguza eneo au vyumba. Usiongeze deni kwa hasira.

Mwishoni mwa wiki inayofuata usiende kuona nyumba. Kaeni na mwenzako muandike mambo matatu ambayo hamtayaacha, labda maji ya uhakika, njia ya gari na umbali wa shule. Mpe dalali orodha hiyo, na mwambie asikupigie kwa nyumba isiyo na nakala ya hati.