Kaa Kaunta Kabla Hujaandika Programu

Mradi wangu wa kwanza mkubwa ulikuwa mfumo wa mikopo wa saccos moja. Viongozi walitia saini waraka mnene wa mahitaji, tukajifungia miezi minane tukiandika programu. Siku ya kuusimika mfumo ofisini kwao, mhasibu alifungua daftari lake akaniuliza, "Mwanangu, hii naiweka wapi?" Kidole kilikuwa kwenye safu aliyoichora mwenyewe kwa penseli pembeni mwa ukurasa: fedha alizolipa mdhamini baada ya mkopaji kukwama. Waraka haukuitaja, na hesabu zetu zote zilichukulia kwamba anayelipa ni mkopaji. Kurekebisha kulitaka kubomoa karibu nusu ya kazi, na fedha za mkataba zilishakwisha. Mama yule akarudi kwenye daftari lake.

Tulikuwa tumefuata modeli ya maporomoko: mahitaji, usanifu, uandishi, majaribio, hatua moja ikifungwa ndipo nyingine ianze. Wengi huihusisha na makala ya 1970 ya Winston Royce, mtaalamu wa programu wa Marekani. Lakini Royce alichora mchoro ule kisha akaonya hapohapo kwamba kuufuata hivyo ni hatari, kwa kuwa majaribio huja mwishoni na kosa linaloonekana hapo hurudisha kazi nyuma kabisa. Kama kitu ni kipya, alishauri, kijengwe mara mbili. Watu walishika mchoro, onyo wakaliacha.

Ajaili, yaani kujenga programu kwa vipande vifupi huku ukipata maoni ya mtumiaji, nayo kwa jina tu haikuokoi. Nimeona timu zenye kikao cha kusimama kila asubuhi na vipindi vya wiki mbilimbili, na mtumiaji hajauona mfumo hata mara moja. Hayo ni maporomoko yaleyale, yamekatwa vipande tu.

Siku hizi naomba siku tatu za kukaa kaunta kabla ya mkataba. Siulizi "mnataka mfumo ufanye nini?", maana utajibiwa utaratibu ulioandikwa ukutani. Naomba daftari la mwezi uliopita, nitazame yaliyofutwa, yaliyoandikwa pembeni, na vikaratasi vilivyobanwa kwa pini. Kisha najenga kipande kimoja, tuseme kupokea marejesho, kitumike sambamba na daftari. Na malipo yafuate vipande vinavyofanya kazi, si saini kwenye waraka. Hilo lipiganie hata kama mteja ananung'unika.

Kwenye saccos ya mwisho niliyoifanyia kazi, mhasibu alikikataa kipande cha kwanza siku ya pili tu. Nilikibadilisha jioni ileile, na asubuhi akapokelea marejesho humo.