Mizigo Isiyopotea Haitafutwi

Msomaji wa Morogoro ameniandikia hivi: "Shikamoo Mwalimu. Mimi na mwenzangu kazini tumebishana juu ya neno la Kiingereza 'search'. Yeye anashikilia kwamba maana yake ni 'kutafuta', basi, na kwamba 'kusachi' ni maneno ya vijiweni. Naomba utueleze neno hilo lina asili gani, na kama 'kusachi' ni Kiswahili."

Marahaba. Asili nitaimaliza upesi, kwa sababu ninalo jambo langu ambalo limenikaa kooni miaka mingi, na swali lako limenifungulia mlango. Neno la kuzaliwa la Waingereza ni "seek". "Search" walilipata kwa Kifaransa, baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066 na lugha yao kuwa lugha ya mabwana. Wafaransa, ambao hadi leo husema "chercher", walilirithi kutoka kitenzi cha Kilatini "circare", yaani kuzunguka huku na huko, nacho kimetokana na "circus", yaani duara. "Circus" hiyo hiyo, kwa njia nyingine, ndiyo iliyotufikia sisi kwa jina la sarakasi. Kwa hiyo kusachi na sarakasi ni watu wa ukoo mmoja, na yeyote aliyewahi kuvua mkanda na viatu mbele ya mashine ya kiwanja cha ndege hatashangaa kusikia hivyo.

Shika picha hiyo ya kuzunguka, kwa maana ndiyo inayotuingiza katika jambo langu. Katika Kiingereza cha leo, kinachofuata moja kwa moja baada ya "search" ni mahali panapozungukwa: nyumba, mfuko, mwili wa mtu, na zamani hata kidonda, pale tabibu alipokuwa akikichokoa ili ajue kina chake. Mwingereza akitaka kukitaja kitu chenyewe anachokihitaji, huongeza kineno "for". Sisi hatukupanga mambo hivyo. "Tafuta" yetu hudai kitu kisichoonekana au kisichopatikana bado: tunatafuta ufunguo, kazi, mchumba, riziki. Mahali pa kutafutia hupewa kiambishi -ni na kusogezwa pembeni, na mfasiri anayekidharau kiambishi hicho kwa kuwa ni silabi moja tu atakuja kujuta.

Kuna jengo moja mjini, sitalitaja, ambalo langoni pake limetundikwa bango kubwa la maandishi mekundu: "MIZIGO YOTE ITATAFUTWA KABLA YA KUINGIA." Mara ya kwanza nilipolisoma nilikuwa na mkoba wangu begani, na nakiri kwamba niliupapasa kuhakikisha bado upo. Nani ameipoteza hiyo mizigo? Na ikiwa imepotea yote, kama bango linavyodai, mbona foleni nzima imeibeba? Chini yake pana mstari wa pili: "Wageni watatafutwa pia." Hapo nusura nigeuze njia, kwa sababu katika Kiswahili mtu anayetafutwa ni yule ambaye picha yake imebandikwa kituo cha polisi, au mdaiwa aliyezima simu tangu mwisho wa mwezi. Mimi nilikwenda pale kulipia ada.

Nilimweleza kijana wa ulinzi, kwa upole, kwamba mimi sijapotea, nimesimama mbele yake. Akanitazama kama mtu aliyekwisha kusikia mengi siku hiyo, kisha akasema: "Mzee, samahani, fungua begi nikusachi." Nikamshukuru kwa moyo wote. Kijana yule, ambaye hakuna aliyemwomba ushauri wakati bango linaandikwa, hajapata hata siku moja kumwambia mtu "njoo nikutafute". Angethubutu, watu wangedhani anaahidi kuwapigia simu jioni, na mwenye hasira angeuliza, "Unanitafuta?" kwa ile maana nyingine ya kuchokozwa, na vita vingeanzia pale pale.

Kosa hilo haliishii langoni. Katika filamu zenye maandishi ya Kiswahili chini ya picha, mara nyingi nimesoma kwamba askari "wametafuta nyumba" ya mshukiwa, nami nikajiuliza kama wamehama kambi na sasa wanahitaji vyumba viwili na jiko. Mwanafunzi mmoja aliniandikia katika insha kwamba "alitafuta mtandao usiku kucha". Nilimhurumia, nikimwona amepanda juu ya kichuguu na simu mkononi akisaka mawimbi, kumbe alikuwa amekaa sebuleni anatafuta mtandaoni maelezo ya usanisinuru. Kiambishi -ni kilichokosekana kilimtoa sebuleni kikampeleka porini. Na Mmarekani anapoulizwa jambo asilolijua hujibu "search me", yaani hata ukinigeuza mifuko hutalipata jibu. Mfasiri aliyeandika "nitafute" alimfanya mtu anayekiri kutojua aonekane anapanga miadi.

Hasira yangu haitokani na uhaba wa maneno, maana tunayo hadi yanamwagika. Kitenzi kinachofaa kwa nyumba na mifuko ni "pekua", na anayetaka kukielewa amwangalie kuku uani. Huparua udongo kwa kucha, kulia na kushoto, hurudi nyuma hatua moja, huinamisha kichwa na kukodoa jicho moja kuona kilichofichuka, kisha huanza upya hatua chache mbele. Huyo anapekua. Uwanja hautafuti; uwanja anao, amesimama juu yake. Askari mwenye hati ya upekuzi hafanyi jambo jingine ila hilo, kwa magodoro na makabati, na ndiyo maana lugha ya sheria imelishikilia neno hilo. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamlinda mtu dhidi ya kupekuliwa yeye, nyumba yake au mali yake. Mwachieni yule mwandishi wa bango aifasiri ibara hiyo, nasi tutapata haki ya kikatiba ya kutotafutwa, na wadaiwa wote kutoka Mombasa hadi Kisumu watafanya sherehe.

Kwa mizigo ya wasafiri tunayo "kagua", ambayo ina adabu zaidi, kwa kuwa haimwiti mwenye mzigo mwizi. Kwa maandishi na mioyo tunayo "chunguza". Zaburi ya 139, ambayo Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 imeianza kwa "search", katika Biblia ya Kiswahili inasema, "Ee BWANA, umenichunguza na kunijua", lakini katika Isaya 55, ambapo Kiingereza kina "seek", tunasoma, "Mtafuteni BWANA, maadamu anapatikana." Waliotafsiri maneno hayo walijua kwamba Mungu hana haja ya kumtafuta mtu anayemwona, ila mtu ndiye mwenye haja ya kumtafuta Mungu.

Sasa kuhusu "kusachi", ambalo mwenzako amelitupa vijiweni. Nilikuwa nikilichukia, lakini umri umenipunguzia vita. Limekubali irabu mwishoni, linabeba viambishi vyote bila kulalamika (amenisachi, tumesachiwa, hawajasachiana), na linajua kazi yake kuliko ile "tafuta" ya mabango. Tumekwisha kupokea "kuripoti" na dunia haikuanguka. Vijana siku hizi husema pia "kugugo", na siwezi kuwakemea sana, maana kamusi ya Oxford yenyewe ililiingiza jina hilo la kampuni kuwa kitenzi mwaka 2006. Katika mazungumzo, basi, sachini na mgugo mpendavyo. Katika barua ya ofisi, hukumu ya mahakama au habari ya gazeti, nitaendelea kudai "pekua", "kagua" au "chunguza", kwa sababu aliye na maneno matatu yake mwenyewe hana sababu ya kukopa la nne. Mwambie mwenzako kwamba wewe umekosa kidogo na yeye amekosa sana.

Nililiandikia jengo lile barua ya heshima, nikapendekeza "Mizigo yote itakaguliwa". Sikujibiwa. Juzi nilipita tena pale na kulikuta bango vile vile, ila safari hii mkoba wangu nilikuwa nimeuacha nyumbani. Wautafute.