Kwa mwalimu anayetaka kumlipa ajenti 185,000 ili akafundishe Kiingereza Thailand

Mdogo wangu, nimesoma swali lako nikiwa ndani ya matatu ya Githurai, na nikaona nikifika nyumbani nikujibu kwa urefu, maana majibu ya "nenda tu, Mungu yuko" yamenitia wasiwasi. Kwa wanaoingia sasa hivi: mwenzetu ana shahada ya ualimu, Kiingereza na Fasihi, anafundisha kwa mkataba wa BOM (bodi ya usimamizi ya shule) wa elfu kumi na mbili kwa mwezi, na kuna ajenti hapa mjini anayetaka KSh 185,000 ampeleke Thailand kufundisha Kiingereza. Ataingia na viza ya kitalii, "mengine yatashughulikiwa ukifika". Anauliza alipe au asilipe, kama cheti cha TEFL (cha kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni) ni lazima, na kama kweli Mwafrika huajiriwa huko au ni hadithi za YouTube.

Usilipe. Hilo la kwanza limekwisha, sasa nieleze kwa nini.

Nilifundisha Khon Kaen, kaskazini-mashariki mwa Thailand, kutoka 2017 hadi 2021. Ni kama kilomita 450 kutoka Bangkok, yaani karibu safari ya Nairobi hadi Mombasa, ila bila Mtito Andei. Kitu kimoja nilichojifunza kabla hata sijapanda ndege ni kwamba pasipoti yako husomwa kabla ya Kiingereza chako kusikika. Korea Kusini, kwa mfano, viza yao ya walimu wa lugha, E-2, kwa Kiingereza hutolewa kwa raia wa nchi saba tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. Uchina nao hufuata orodha kama hiyo, na tangu Julai 2021 serikali yao ilipopiga marufuku masomo ya ziada ya kibiashara kwa watoto wa shule, vituo vingi vilivyokuwa vikiajiri bila kuuliza sana vilifungwa. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiingereza ni lugha rasmi ya Kenya. Sawa. Afisa wa viza kule Seoul hana haja na kifungu cha 7. Ukiambiwa na mtu kwamba anaweza kukupeleka Korea kufundisha Kiingereza kwa pasipoti ya Kenya, mwache hapo hapo na chai yake.

Japani wana akili kidogo. Wao huangalia kama umesomeshwa kwa Kiingereza miaka 12, na sisi wa 8-4-4 hesabu inatoka sawasawa, minane ya msingi na minne ya sekondari. (Usiwaambie kuhusu darasa la kwanza tulilosoma kwa Kikuyu.) Tatizo ni kwamba nafasi ni chache na wanaozitafuta ni dunia nzima.

Thailand mlango uko wazi, ila una ngazi. Unahitaji shahada, unayo. Kwa kuwa hutoki kwenye zile nchi za "wenye lugha", shule nyingi zitataka mtihani wa Kiingereza uitwao TOEIC, alama 600 kati ya 990. Ndiyo, utalipia mtihani wa kuthibitisha unajua Kiingereza ilhali umekifundisha. Nilikasirika siku mbili, kisha nikaufanya. Maswali 200 kwa saa mbili, nusu ya kusikiliza, na lafudhi nyingine huenda mbio, kwa hivyo usiudharau. Shule ikikukubali, inakupa barua, unaomba viza ya Non-B, ile ya kazi, kupitia ubalozi wao wa hapa Nairobi, unaingia nayo, kisha wanakutafutia kibali cha kazi na ruhusa ya Baraza la Walimu la huko. Shahada yako ni ya ualimu hasa, na hapo una afadhali kuliko mimi niliyesomea Sosholojia. Kila siku 90 unaripoti uhamiaji unakoishi, hata kama hujaenda popote.

Sasa tazama mpango wa ajenti wako: viza ya kitalii. Mtu anayefundisha kwa viza ya kitalii anavunja sheria tangu kipindi cha kwanza, na akikamatwa anayefukuzwa nchini ni yeye, ajenti yuko Nairobi anakunywa soda. Hiyo ndiyo shida ndogo. Kubwa ni ile ambayo serikali yetu ilianza kutoa onyo juu yake 2022: vijana wanaahidiwa kazi Thailand, wanapokelewa vizuri uwanja wa ndege, wanatiwa garini, safari inakwenda magharibi mpaka Mae Sot, wanavushwa mto Moei usiku, na asubuhi wako Myanmar ndani ya majengo yenye ua wa nyaya, wakilazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Sisemi ajenti wako ni wa hao. Nasema hana chochote cha kukuonyesha kwamba si wa hao. Mwombe jina la shule, kisha utafute mwenyewe namba ya shule hiyo na upige. Angalia kama ajenti mwenyewe yumo kwenye orodha ya mawakala waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iko kwenye tovuti yao, inachukua dakika mbili. Mimi nimemwambia binamu yangu afanye hivyo mara moja, na ajenti akamzima kwenye WhatsApp siku hiyo hiyo. Jibu ndilo hilo.

Mimi nilikwendaje? Kwa barua pepe. Shule za kule hufungua muhula wa kwanza katikati ya Mei na wa pili Novemba, kwa hivyo Machi na Aprili walimu wanasakwa kama maji. Niliandika kwa shule kama sitini. Nne zilijibu. Mahojiano ya kwanza nilifanyia kwenye saiba ya Kahawa West, kwa sababu stima ilipotea nyumbani, na nje kulikuwa na kijana wa mayai anayepita akipiga kelele. Tulizungumza dakika kumi bila kamera, tukichekeshana, kila kitu kizuri. Kisha yule mama akasema niwashe kamera. Nikawasha. Akanyamaza. Jina langu la ubatizo pamoja na sauti vilikuwa vimemwandaa kwa mtu mwingine. Akasema watanipigia, na mpaka leo nasubiri. Ya tatu ndiyo iliyonichukua, mwalimu mkuu wa idara alikuwa Mfilipino, naye hayo yote alikuwa ameyapitia.

Gharama zangu zote mwaka huo, tikiti ikiwemo, zilikuwa karibu 120,000, nusu yake mkopo wa chama chetu cha akiba. Cheti cha tabia njema cha DCI (polisi wa upelelezi) unaomba kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, 1,050, halafu unaenda kupigwa alama za vidole. Vyeti vya masomo vinathibitishwa Wizara ya Mambo ya Nje pale Old Treasury, Harambee Avenue, kabla ya ubalozi. Hapo ndipo nilipokwama wiki tatu: digrii yangu ina majina matatu, pasipoti ina mawili, na mpangilio tofauti. Ilibidi wakili anipe hati ya kiapo kwamba mimi ni mimi. Toa vyeti vyako vyote usiku wa leo, uvipange mezani, usome majina herufi kwa herufi. Na ujiwekee pesa ya kula wiki sita, maana mshahara wa kwanza hukawia.

Mshahara: nilianza na baht 22,000 kwa mwezi, ambazo wakati huo zilikuwa kama KSh 68,000. Chumba chenye feni na choo ndani, 4,500. Chakula cha barabarani ni rahisi kuliko kupika. Mwingereza wa umri wangu, asiye na shahada ya ualimu vilevile, alipata 38,000 shule hiyo hiyo, akifundisha vipindi vichache kuliko vyangu. Nakwambia mapema ili usije ukajua kwa bahati mbaya, kama mimi, kwa kuona karatasi yake kwenye mashine ya fotokopi.

Na kuna hili ambalo sijawahi kuliandika popote. Mwaka wa kwanza, kampuni iliyokuwa ikiiletea shule walimu wa kigeni iliniomba niwaambie wazazi kuwa natoka Afrika Kusini. "Ni Afrika pia," mtu wao akasema, kana kwamba ananipunguzia uongo. Nilikuwa na deni la chama. Nikakubali. Muhula mzima nikawa Mwafrika Kusini, nikachora bendera yao ubaoni, nikafundisha watoto kusema "Cape Town". Novemba akaja mwalimu mpya, kijana kutoka Durban, mwalimu mkuu akatukutanisha mbele ya wafanyakazi wote kama ndugu waliopotezana. Akaniuliza, kwa furaha ya kweli, natoka wapi nyumbani. Nikasema Johannesburg. Johannesburg wapi? Kichwani mwangu kulikuwa na Soweto tu, nikasema Soweto. Akanisalimia kwa Kizulu. Nikamtazama kama mbuzi. Alicheka mpaka akaketi, na kwa heshima zake hakunichoma, ila wiki iliyofuata nilikwenda ofisini mwenyewe nikasema mimi ni Mkenya. Hakuna mzazi aliyemwondoa mtoto. Nafasi yako ikidai uongo wa namna hiyo, kataa mapema kuliko nilivyokataa mimi.

Darasani sasa, maana nyote mnauliza pesa na hakuna anayeuliza kazi yenyewe. Nilipewa Mathayom 1, kama darasa letu la saba, wanafunzi 44. Wanakuita "ticha", kama tu watoto wa mtaa wa Umoja hapa Nairobi. Saa mbili asubuhi wimbo wa taifa na bendera, jua kali, foleni, utadhani uko paredi ya Jumatatu nyumbani. Somo la kwanza nikawauliza wanakula nini. Msichana mmoja akasimama, akanipigia magoti kidogo, akasema wazi kabisa: "Ai lai lai."

Nikamwomba arudie. "Ai lai lai." Darasa zima likaitikia kwa kichwa, wote wamemwelewa isipokuwa mwalimu. Ilinichukua mpaka usiku kugundua kwamba alisema "I like rice". Kithai hakimalizi neno kwa sauti ya s, na konsonanti ya mwisho ikija baada ya "ai" huliwa kabisa, halafu r katika mazungumzo hugeuka l. Kwa hivyo "like", "line", "life" na "rice" yote ni "lai" moja. Nikamkumbuka nyanya yangu wa Murang'a, ambaye kwake lori ni "rori" na laini ni "raini". Yeye anakimbia l, hawa wanaikimbilia. Nilicheka peke yangu chumbani.

Na dawa nikaipata nyumbani vilevile. Sisi Waswahili tukikutana na konsonanti mwishoni tunaitegemeza irabu: buku, benki, laini. Shuleni walimu wetu walitusimanga kwa kusema "laiki" na "raisi". Basi nikawafundisha wale watoto hivyo hasa: laiki, raisi, laifu. Waliweza mara moja, kwa sababu sasa konsonanti iko katikati ya neno, mahali ambapo hawaiogopi. Wiki mbili tukaimba hivyo tukipiga makofi, kofi moja kwa kila silabi. Kisha nikawaambia ile irabu ya mwisho waiseme kwa kunong'ona, kisha waiseme kwa midomo bila sauti. Kufikia Agosti yule msichana aliweza kuniagizia wali kwa Kiingereza na s yake ikasikika hadi dirishani. Yule Mwingereza aliniuliza njia hii nimeitoa kwenye kitabu gani.

Ndiyo maana kuhusu TEFL nasema hivi. CELTA ni kozi nzuri, saa kama 120 na angalau sita za kufundisha huku unatazamwa, lakini ni ghali na wewe umefanya TP, mazoezi ya kufundisha, muhula mzima. Chukua cheti cha mtandaoni cha saa 120, cha bei ndogo, kwa ajili ya kile kisanduku kwenye fomu. Kitu usichofundishwa chuoni ni hiki: hapa tunafundisha Kiingereza kwa mtoto anayekitumia kusoma hesabu na sayansi. Kule mtoto anakutana nacho kwako tu, vipindi vichache kwa wiki, kisha anarudi Kithai. Uchambuzi wa riwaya teule weka kabatini. Utahitaji picha, michezo, na maneno ishirini yanayorudiwa mpaka wewe mwenyewe uyaote.

Kama moyo unasita kuhusu mbali, tazama pia Rwanda. Walihama kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza shuleni 2008 na Wakenya wengi wamefundisha huko, unavuka mpaka kwa kitambulisho, na mama akiugua uko nyumbani kesho yake kwa basi. Hargeisa na Juba pia wapo wenzetu, ila sijafika, wenye uzoefu waandike hapa chini.

Uliuliza pia ubebe nini. Nguo nyepesi, sketi ya kufunika magoti, viatu rahisi kuvua maana utavivua kila mlangoni. Mafuta ya nywele ya mwaka mzima. Na majani ya chai, kilo mbili, usiniulize kwa nini kilo mbili. Chai yao ya maziwa ina rangi ya chungwa, na wanaitia barafu.