Watalii wapite Ujiji, wapangaji wabaki

Ndugu yangu, umeuliza mfanyeje ili wageni wanaokuja Ujiji, Kigoma, kwenye kumbukumbu ya wasafiri wa Kizungu Livingstone na Stanley waache hela mtaani, bila kodi za nyumba kupanda. Nisingeanza na gesti. Mgeni akishapiga picha chini ya miembe anarudi mjini kula, na hapo ndipo hela inapopotea. Mpikieni migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, kwa mawese, tena barazani. Kisha mtembezeni: mwaka 1871, wawili hao walipokutana hapo, wanaujua, ila njia ya misafara kupitia Tabora hadi Bagamoyo wachache huieleza, na watumwa walipita humo, msiwafiche. Kodi je? Wenye nyumba waandikishiane na wapangaji mikataba ya mwaka mmoja au miwili, sasa hivi, kabla biashara haijachangamka.