Picha mbili za jicho, majibu mawili

SWALI: Mama yetu ana miaka 61, miwani yake ya kuonea mbali ni -7. Presha ya macho ilikuwa 18. Picha ya nyuma ya jicho imesomwa kuwa ina wasiwasi kidogo tu, ila skani ya OCT (kipimo cha mwanga cha tabaka za nyuma ya jicho) imetoka nyekundu. Babake alipofuka kwa glakoma, ugonjwa unaoua mshipa wa fahamu wa jicho. Tuamini ipi?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Zisomwe pamoja, dada, kwa sababu kila moja huona isichokiona mwenzake. Picha ya nyuma ya jicho, ile ya rangi, huonyesha sura ya mshipa wa fahamu wa jicho: shimo lake la katikati likizidi 0.6 au 0.7 ya kipenyo, au macho mawili yakitofautiana kwa 0.2, shaka huongezeka. Huonyesha pia mchirizi wa damu ukingoni, mwembamba kama uzi, ambao OCT huupita. OCT nayo hupima unene wa nyuzi za neva. Kwa mtu mzima mwenye macho mazima wastani ni karibu maikroni (sehemu za elfu za milimita) 90 hadi 100, na hupungua na umri.

Tuangalie huo wekundu, yaani nyuzi nyembamba kuliko kawaida. Mashine hulinganisha jicho na kumbukumbu za macho ya kawaida, na humo wenye -7 ni wachache. Jicho lao ni refu, nyuzi zimekaa kwingine, hivyo rangi huwaka hata pasipo ugonjwa. Mtoto wa jicho na ukavu pia huharibu skani. Tazameni nguvu ya mawimbi (signal strength) kwenye karatasi ya majibu: kwa mashine zinazohesabu hadi 10, chini ya 6 irudiwe.

Kisha daktari aziweke picha sambamba. Ukingo wa mshipa umemegeka chini, nyuzi zimekonda hapohapo chini, na kipimo cha upana wa kuona kina doa juu (jicho hupindua taswira)? Hapo tiba ianze, hata presha ikiwa 18, ambayo ni ya kawaida. Wekundu ukiwa peke yake, apimwe tena baada ya miezi 6, kwa mashine ileile.

Ombeni nakala za picha zenyewe, si ripoti pekee. Akitiwa dawa ya kutanua mboni, ataona ukungu kwa saa 4 hadi 6: avae miwani ya jua, na ashikwe mkono akishuka ngazi za gati kuingia botini. Nanyi watoto wake mliofika miaka 40, mkapimwe safari hiyohiyo.